Sukari Ndani ya Uji wa Mzazi

Aliyenitia matatani alikuwa msichana wa darasa la tano, wa kwanza darasani, asiyejua haya. Siku hiyo nilikuwa nafundisha somo la mwili wa binadamu. Nilikuwa nimechora msuli ubaoni, mnene katikati na mwembamba pande zote mbili kama samaki, na nikawa naeleza kwamba msuli haukui kwa maneno wala kwa maombi, bali kwa kazi, chakula na usingizi. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na ya kwako iko wapi?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, maana swali lilikuwa la haki. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa, mke wangu ana mimba ya kwanza, na mashati yangu yalining'inia mabegani kana kwamba bado yako kwenye kamba. Lakini kicheko kilipopita, kiburi kikabaki. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Siku ya matokeo nitanyanyua ile ekseli ya kambini mpaka juu ya kichwa. Na ninyi wote mtakuja kuona."

Mji wetu mzima wa Kamina uliijua ekseli hiyo. Ilikuwa ya kigari cha makaa ya mawe kutoka machimbo ya Luena: chuma kimoja kirefu, na magurudumu mawili bado yanazunguka, moja kila ncha. Hakuna aliyejua ilifikaje kwenye kambi ya jeshi, wala uzito wake. Ilikaa katika uwanja nyuma ya nyumba za familia za askari, pamoja na makopo ya mafuta yaliyojazwa saruji, na hapo askari walifanya mazoezi jioni. Baadhi yao waliweza kuinyanyua. Kutoka mjini, kwetu sisi watu wa shule, ofisi na kanisa, hakuwa ametokea hata mmoja. Nami nilikuwa nimeahidi mbele ya watoto arobaini, na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Nilikuwa na miezi mitano.

Mwenye uwanja ule alikuwa ajida mmoja, ofisa mdogo wa jeshi kutoka jimbo la Ekwateri, mtu mfupi mwenye shingo kama kinu, aliyejifunza Kiswahili chake hapa Kamina. Hiyo ilikuwa miaka ya Zaire, tulipoitana sote sitwayeni, yaani raia. Nilipomweleza shida yangu, alinizunguka mara mbili kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Sitwayeni mwalimu, nani alikukausha? Umekauka sawa samaki ya Kinkondja."

"Ni mwili wangu tu, ajida."

"Hapana. Muntu haikauke bila sababu. Unakunywa chai?"

"Nakunywa."

"Na sukari?"

"Vijiko vitatu."

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa Kilingala. "Mama na ngai! Ndeko, ndugu yangu, umekwisha!"

Lazima nieleze jambo hapa. Katika nyumba zetu za Wamethodisti, chai yenye vijiko vitatu ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mgeni aliyepewa viwili alikwenda kutusema kwa majirani. Lakini ajida alikuwa na ushahidi wake. Alimimina maji katika glasi, akatoa kipande cha sukari mfukoni, kimefungwa karatasi kama dawa, akakigonga juu ya meza ili nisikie kilivyo kigumu.

"Hii iko na nguvu?"

"Iko nayo."

Akakitumbukiza, akakoroga. "Sasa iko wapi?"

"Imeyeyuka."

"Njo vile misuli yako inayeyuka."

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kuuliza swali la pili. Ningeweza kuuliza: je, chumvi? Chumvi nayo huyeyuka, na ajida aliipenda kupita kiasi. Sikuuliza. Tena nilifanya vibaya zaidi, kwa sababu keshoye nilichukua glasi na kipande cha sukari mpaka darasani, nikawaonyesha watoto maajabu yale yale. Walishangaa sana. Jumapili akina mama walinishukuru mlangoni mwa kanisa, maana sukari ilikuwa adimu miaka ile, na sasa watoto wao walikuwa wanaikataa wenyewe.

Basi nikaacha sukari. Nikaacha na mkate wa chai, kwa kuwa mkate bila chai tamu ulinikwama kooni, na mahali pake sikuweka kitu. Kila jioni nilipanda baiskeli mpaka kambini, nikachuchumaa na kuinuka na makopo ya saruji, kisha nikaishika ekseli. Ilifika magotini, ikakataa. Mwezi wa kwanza ulipokwisha mke wangu alitoboa tundu jipya katika mkanda wangu, upande wa ndani. Nilimwambia ajida kwamba ninazidi kukonda.

"Ni muzuri," alisema. "Ni sukari ya zamani, inatoka."

Mwezi wa pili mtoto wetu alizaliwa, binti mwenye sauti ya filimbi ya treni, na mama mkwe wangu akaja kutoka Kabondo-Dianda kumtunza mzazi. Alishuka kwenye lori na magunia mawili: moja la karanga, moja la maharage na samaki wakavu wa Kinkondja.

Kwetu Waluba, mume na mama mkwe wana heshima kubwa kati yao. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, na mume haingii jikoni aliko mama mkwe. Hata kuzungumza ana kwa ana si vizuri. Sasa fikiria heshima hiyo katika nyumba ya vyumba viwili. Mke wangu ndiye alipaswa kupeleka maneno, lakini mara nyingi alikuwa amelala na mtoto. Basi mama mkwe alibuni njia yake: aliongea na kuku. Alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, akamwambia kuku kwa sauti ya kunifikia uani. Nami nilijibu kwa kuiambia baiskeli.

Siku ya tatu nilimsikia: "Ee kuku! Ambia mwenye nyumba, chungu ya muzazi hailale na kitu ndani. Ikilala, maziwa ya mama inakauka. Muke yake amekula, ameshiba. Nani atamaliza? Ni baba ya mutoto."

Sijawahi, kabla wala baadaye, kusikia desturi hiyo mahali pengine. Lakini mtu angebishanaje na kuku? Bakuli liliwekwa kizingitini, limefunikwa. Ndani yake mlikuwa na uji wa mahindi mzito, wenye karanga zilizotwangwa mpaka zikatoa mafuta, na mtamu. Nilionja, nikashtuka.

"Baiskeli," nilisema, "ambia bamama: minyi niliacha sukari. Ajida alikataza."

Nyuma ya matete mwiko ukakoroga. Kisha: "Kuku, sukari gani? Utamu ile iko ya viazi."

Viazi vitamu hutia uji utamu kweli, hilo nilijua. Kwenda kuchungulia chungu sikuweza, na kukataa chakula cha mama mkwe ni kosa la kulipwa kwa mbuzi mzima. Nikala. Nikalamba bakuli. Na toka siku hiyo, kila jioni kabla ya kwenda kambini, bakuli lilinisubiri kizingitini, na mchana nilikuta bukari, ule ugali wetu, pamoja na maharage au samaki, wingi wa kulisha wachimba mfereji wawili.

Mwili wangu ulishangaa, kisha ukashukuru. Baada ya wiki sita mashati yalinibana kwapani. Ekseli ilipanda kutoka magotini mpaka kiunoni. Siku moja, katikati ya kiangazi, ikalala juu ya kifua changu kama mtoto aliyechoka. Wanafunzi wangu walikuja zamu kwa zamu kupeleleza, wakarudi mjini na habari. Ajida alifurahi kuliko mimi. Aliwaita makuruta, akanisimamisha mbele yao, akanigonga bega kwa kidole.

"Angalieni! Huyu alikuja hapa sawa fimbo ya mufagio. Leo iko muntu. Alikula nini? Hapana kitu! Aliacha sukari, basi!"

Nilikunja mkono ili waone vizuri. Naungama kwamba nililipenda jambo hilo.

Zilibaki wiki mbili kabla ya siku ya matokeo ajida alipokuja nyumbani kutusalimia na kumwona mtoto. Alivaa abakosti, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akamletea mtoto sabuni. Mama mkwe, ambaye hakuwa na mwiko wowote na ajida, alitoka jikoni, akamwekea bakuli la uji mkononi, akarudi zake. Mimi niligeuka kuangalia barabara, kama inavyopasa.

Nikasikia kijiko kikisimama.

"Mwalimu, kuja hapa. Hii ni nini?"

"Uji ya muzazi, ajida. Mimi njo namaliza chungu kila siku. Utamu iko ya viazi."

Akaonja tena, taratibu, macho amefumba. "Viazi? Ndeko, minyi nilikula sukari miaka makumi mbili mbele ya kuacha. Naijua sawa ndugu yangu ya tumbo moja. Hii iko sukari. Tena mingi!"

Kutoka nyuma ya matete sauti ikaja, tulivu kabisa: "Ee kuku! Ambia ule mwanajeshi asipige kelele, mutoto analala. Sukari nanunua kwa muke yake. Kila juma, kopo mbili."

Ndani ya nyumba mke wangu alicheka mpaka mtoto akaamka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua toka mwanzo. Na ilikuwa kweli: mke wa ajida aliuza sukari ya kantini kwa kopo, mlangoni pake, huku mume akiwa uwanjani akiitangaza kuwa adui. Ajida alitazama bakuli, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika rangi mara kadhaa. Halafu, nililiona hili kwa macho yangu, alimaliza uji wote kabla ya kukasirika.

"Kuanzia leo, hapana uji," alisema akifuta mdomo. "Ile misuli yote iko ya uongo. Siku ya matokeo utayeyuka mbele ya bantu!"

Nilimtii, kwa sababu niliogopa. Nilimwambia mke wangu aseme tumbo linaniuma. Nyuma ya matete kuku hakuambiwa lolote, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Siku nne nilikwenda kambini na tumbo jepesi. Siku ya tano ekseli haikufika kifuani. Ilinirudisha nyuma hatua tatu, nikakaa chini bila kupenda. Watoto wawili wa darasa langu walikuwa wanaangalia. Hawakucheka. Waliondoka polepole, na hapo nikajua kwamba habari zinakwenda mjini.

Alasiri ya siku iliyofuata nilibaki peke yangu darasani na chaki, nikajifundisha mwenyewe kama ningemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Nilijiuliza: kama sukari inayeyusha misuli, mikono hii ilitoka wapi, maana nimekula sukari wiki zote hizi? Nikageuza: basi kumbe sukari ndiyo inajenga misuli? Nikamkumbuka karani mmoja wa kanisa letu, aliyetia vijiko vitano katika kila kikombe, na ambaye hakuweza kufungua dirisha lililokwama. Hapana, hata hilo silo.

Basi nikaangalia kile kingine kilichokuwamo chunguni. Karanga. Mahindi. Na mchana maharage, na samaki wa Kinkondja ambao ajida alinifananisha nao. Hayo ndiyo matofali. Mazoezi ndiye fundi mwashi, na usingizi ndiyo saa ambayo fundi anajenga. Sukari si tofali. Ni nyasi kavu unazotupia motoni: zinawaka haraka, zinasaidia kuni kushika, kisha zimekwisha. Anayepika kwa nyasi tupu atalala na njaa, na meno yake yataoza mapema. Lakini nyasi kidogo chini ya kuni nzuri hazijaharibu chakula cha mtu. Na kwangu ziliongeza kazi nyingine: bila utamu ule nisingemaliza bakuli lile zito kila jioni. Miezi ile ya kwanza sikukonda kwa sababu sukari ya zamani inatoka. Nilikonda kwa sababu nilikuwa sili.

Asubuhi niliwaambia watoto ukweli. Msichana wa kwanza darasani alinyoosha kidole.

"Mwalimu, ulitudanganya?"

"Kudanganya ni kusema usichokiamini. Mimi nilikosea. Nilipaswa kuuliza swali la pili, sikuuliza."

"Basi sukari ni nzuri?"

"Kijiko kimoja ndani ya uji wa karanga, ndiyo. Sukari peke yake mkononi, hapana. Na asiyekuwa nayo nyumbani hajapungukiwa misuli hata kidogo, mradi ana maharage."

Wengi walitabasamu kwa jibu hilo la mwisho, maana walikuwa wengi wasiokuwa nayo.

Jioni nilimwendea ajida. Nilimwomba glasi ya maji na chumvi. Nikaitia, nikakoroga.

"Iko wapi, ajida?"

Aliiangalia glasi kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Sasa weye unataka niache na chumvi?"

Makuruta waliangua kicheko, na yeye akashindwa kujizuia, akacheka akijipiga paja. Kisha akatoa hukumu yake. "Bon. Kula uji yako. Lakini sikia: ukishindwa, ni sukari. Ukishinda, ni minyi."

Nilikubali, kwa maana kocha naye lazima apate chake. Nyumbani nililipa kosa langu kwa jogoo mnono, nikasimama uani, nikasema: "Baiskeli, ambia bamama: tumbo imepona, na njaa imerudi." Nyuma ya matete kijiko kiligonga chungu mara moja. Bakuli lilikuja limejaa mpaka ukingoni, nami nikalimaliza. Na la kesho yake, na yaliyofuata siku saba.

Siku ya matokeo ilikuwa na baridi na jua kali pamoja, kama kiangazi chetu kinavyojua kuwa. Nilisoma majina na alama, wazazi wakapiga makofi, msichana wetu akawa wa kwanza tena. Kisha watoto arobaini, mashati meupe, wakanitangulia barabarani kwenda kambini wakiimba, na watu wa mjini nyuma yao. Mke wangu alikuja na mtoto mgongoni. Mama mkwe naye alikuja. Alijiweka mwishoni kabisa mwa uwanja, akatupa mgongo, akiangalia upande wa barabara ili heshima isivunjike, na akamwamuru mwanamke jirani amsimulie yote.

Nilishika chuma. Kilikuwa baridi. Kikapanda magotini, kiunoni, na kwa nguvu ya miguu kikalala kifuani. Hapo nilipumzika pumzi mbili. Nilimsikia jirani akisimulia: "Iko mu kifua. Anafumba macho. Sasa anafumbua." Ajida alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mishipa ya shingo imemtoka kana kwamba ni yeye aliyebeba.

"Sukuma, ndeko! Sukuma mbingu!"

Nikasukuma. Mahali pale juu ya pua, ambapo chuma huwa kinamwuliza mtu kama ana hakika, kilisimama. Nilikunja magoti kidogo, nikayapiga wima, na ekseli ikapita juu, viwiko vikanyooka, na magurudumu mawili ya Luena yakazunguka taratibu pande zote mbili za kichwa changu, angani.

Vigelegele vya kwanza vilitoka mwishoni mwa uwanja, kwa mwanamke aliyetupa mgongo. Halafu kila mtu. Ajida alimkumbatia kuruta, akamkumbatia karani wa vijiko vitano, akapiga kelele, "Ni minyi! Ni minyi njo nilifanya!" Mimi nilisimama pale chini ya chuma, nikicheka kwa meno yote, nisihisi uzito wowote.

Katikati ya shangwe sauti moja ikapenya, ya yule msichana.

"Mwalimu, na sasa utashusha namna gani?"

Lilikuwa swali jema. Miezi mitano tulizungumza habari ya kupandisha. Juu ya kushusha hatukuwa tumesema neno, wala mimi sikuwa nimewahi kufika huko juu ili nijifunze. Chuma kikaanza kuinama upande mmoja.

"Tupa!" akapiga kelele ajida. "Bantu, kimbieni! Mwalimu, tupa!"

Nikaitupa mbele na kuruka nyuma. Ilipiga ardhi kwa kishindo, vumbi likafumuka, na kwa kuwa ilikuwa bado na magurudumu yake, haikulala. Ilianza kubingirika. Uwanja ule una mteremko kidogo kuelekea lango la kambi, na ekseli iliufuata bila haraka, kisha kwa haraka, ikampita askari wa zamu aliyeshindwa kujua kama aisimamishe au aipigie saluti, ikatoka langoni, ikashika barabara ya mjini. Nyuma yake walikimbia watoto arobaini wakipiga mayowe ya furaha, nyuma ya watoto ajida na abakosti yake, na nyuma ya ajida mama mkwe wangu, kanga mkononi, mbio, akipita karibu nami kabisa bila kuniangalia usoni.